Kiangazi cha Dodoma ni cha kutembea: niliyoongea Jumamosi kabla hatujapanda kilima

Mbukwenyi!

Mbukwenyi tena, hiyo salamu ya Kigogo ya kwanza wageni mmeitikia kwa usingizi.

Haya. Mwenyekiti asante, viongozi wa mtaa mliofika asanteni, na nyie mliotoka kitandani saa kumi na moja na baridi hii ya mwezi wa saba mkaja mmevaa sweta juu ya trakisuti nawaona, poleni na karibuni Dodoma. Huku tupo juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku msimu huu unaweza kushuka hadi nyuzi 13 hivi na ule upepo mnaujua wenyewe, mtu wa Temeke akija na tisheti peke yake anajuta mapema. Nimepewa dakika kumi na tano niongee halafu tupande. Mimi nimefundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, dakika kumi na tano kwangu ni muda wa kuita majina ya waliopo na watoro, kwa hiyo mtanivumilia.

Leo ni Jumamosi ya pili ya mwezi. Tangu Desemba 2016, Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais, nchi nzima tuliambiwa Jumamosi ya pili iwe ya mazoezi, na ni mwaka huohuo serikali ikaanza kuhamia huku kweli kweli, maana uamuzi wenyewe ulikuwepo tangu 1973 ila ulikuwa unasuasua. Basi mkaja wengi. Na tangu mje nasikia kauli moja kila ikifika mwezi wa sita, kwenye daladala, saluni, kanisani, hata msibani: huku kumekufa. Mtu katoka Bukoba au Moshi, amezoea kijani mwaka mzima, anasimama anaangalia kilima chote cha kijivu anauliza hivi hii miti imechomwa moto au vipi. Kuna jirani mmoja, simtaji, alikuta mti mkubwa uani kwenye kiwanja alichonunua, akaona mwezi wa nane hauna jani hata moja, akaita vijana wakaukata akijua ni kuni zimesimama, mvua zilipokuja mwezi wa kumi na mbili kisiki kikachipua majani mengi tu na yeye akakosa kivuli. Ndo maana nikamwambia mwenyekiti nipe hiyo nafasi niongee, kwa sababu mimi naona hivi, huu msimu mnaoukimbia ndo msimu mzuri kuliko wote wa kutembea porini Dodoma, na nyie mnautumia kukaa ndani mkilalamika vumbi.

Sasa sikilizeni. Huko Ulaya na Marekani ya kaskazini watu wana msimu wao wa majani kuanguka, mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja hivi, na mnaona mapicha yao kwenye simu, njia zimejaa majani ya njano na mekundu, watu wametoka familia nzima na watoto na mbwa wao wanatembea tu kwenye mapori ya karibu na mjini, hawafukuzii kitu, hawapandi mlima wowote wa maana, wanatembea. Na nyie mnapenda zile picha, mnaweka moyo. Halafu mnatoka nje mwezi wa sita hapa Dodoma, majani yanaanguka vilevile, mnasema kumekufa.

Tofauti ipo na ni vizuri kuijua. Kule mti unaangalia siku. Mchana ukianza kuwa mfupi na baridi ikisogea, mti unajua kazi imeisha. Hapa kwetu tuko karibu nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote kwa mwaka havipishani hata saa moja, kwa hiyo mti wa Dodoma hauna haja ya kuangalia saa, unaangalia maji. Sisi mvua tunayopata ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni kavu mpaka Novemba. Jani ni mahali pa kupotezea maji, lina vitundu vidogo vidogo vinatoa mvuke kutwa nzima. Ukiwa na maji kidogo na bomba linavuja unafanyaje? Unafunga koki. Mti nao unafunga, pale kikonyo kinaposhika tawi inatengenezwa tabaka ya kuziba, ile klorofili mliyosoma Fomu Tuu inavunjwa, vilivyo vya thamani vinarudishwa ndani, jani linabaki na ile njano ambayo ilikuwepo muda wote ila ilifunikwa na kijani, halafu linaachiwa. Hakuna kifo hapo. Ni mti wenyewe umefanya uamuzi.

Na faida kwa mtembeaji ni kubwa mno jamani. Mwezi wa pili mimi siwapeleki huko juu. Nyasi zimekufika kiunoni, huoni unapokanyaga, matope, mbu, vichaka vimefunga, unatembea saa nzima hujaona kitu zaidi ya mgongo wa mwenzio. Mwezi wa sita na wa saba pori limefunguka. Unaona mbali. Unaona viota vyote vilivyokuwa vimefichwa, unaona mizinga ya watu juu ya miti, unaona mawe yenyewe, na haya mawe msiyapite hivihivi maana ni graniti ya zamani mno, haya ya katikati ya Tanzania ni ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, kabla hata ya samaki, kabla ya kitu chochote chenye miguu. Mtaona jiwe kubwa limebanduka ganda la juu vipande vipande, kupata joto mchana na kupoa usiku kwa miaka isiyohesabika kunachangia kazi hiyo. Asubuhi hii pimbi watakuwa wamekaa juu ya mawe wanaota jua, msiwarushie kitu, kaeni kimya watakaa na nyie.

Nije kwenye mbuyu. Mwenyekiti usiangalie saa, mbuyu siwezi kuupita.

Mbuyu unakaa bila majani miezi mingi ya mwaka na watu wanausimulia maneno mengi, mara Mungu aliupanda kichwa chini, mara una majini. Mimi nawaambia ukaribieni. Gamba lake chini ya ile ngozi ya juu lina kijani, yaani shina lenyewe linaendelea kupokea jua na kutengeneza chakula kidogo hata majani yasipokuwepo. Ule unene wote sio mbao ngumu, ni laini na imejaa maji, ndo maana hakuna fundi seremala wa Dodoma anayekutengenezea kitanda cha mbuyu. Na gamba likibanduliwa kwa ajili ya kamba linaota upya, jambo ambalo mti mwingine ungekufa, mtaona ile mibuyu yenye makovu chini ambayo wazee walichukua kamba miaka hiyo na bado imesimama. Umri wake usidanganywe na mtu, maana ndani huwa inatoboka, lile tundu linabaki bila mbao ya kupima, lakini kule kusini mwa Afrika ipo iliyopimwa ikakutwa imepita miaka 2,000. Msichonge majina yenu. Naona mtu ameandika jina lake na la mchumba wake kwenye mbuyu, uchumba wenyewe ulishakufa mbuyu upo.

Halafu wengi mnaujua mbuyu kwa ubuyu tu, ule mwekundu wa kupaka rangi. Maua yake je? Mwezi wa kumi, wa kumi na moja, joto limeshika, ardhi imepasuka, kila mtu anaangalia mawingu, ndo mbuyu unatoa maua. Yanafunguka jioni, meupe, makubwa, yananing'inia, popo wanakuja usiku kunywa utamu wake na ndo wanabeba ule unga wa uzazi, kesho yake yameanza kunyauka yanadondoka. Kwa hiyo ukitaka kuyaona uende magharibi inapoingia, usiende saa nne asubuhi ukaja kuniambia mwalimu mbona sikuona kitu.

Kuna mti mwingine nawapa kama zoezi. Kwenye makorongo ya mchanga, ile mito yetu isiyo na maji, kuna mgunga mkubwa ambao wengine wanauita mkababu. Huu kichwa chake kigumu. Wenzake wote wakivaa majani wakati wa mvua yeye anavua, wakivua kiangazi yeye anavaa. Sasa hivi mkishuka korongoni mtaukuta wa kijani peke yake na mbuzi wote wako chini yake wanasubiri maganda yake ya mbegu yadondoke. Mizizi inakwenda chini sana kufuata maji yaliyojificha, ndo siri yake. Mkulima mwenye akili hauondoi shambani, maana wakati wa kilimo hauna kivuli na majani yake yanakuwa yameshaoza kuwa mbolea.

Na hayo maji yaliyojificha msidhani ni hadithi. Mtu akitembea kwenye korongo kavu anaona mchanga tu, lakini atakuta akina mama wamechimba shimo wanachota. Hata maji mnayooga mjini kwa sehemu kubwa miaka yote yametoka visimani kule Mzakwe, bonde la Makutupora. Vipimo vya visima vile vimechukuliwa kwa zaidi ya miaka hamsini na vinaonyesha kitu cha ajabu kidogo, kwamba mvua za kawaida haziongezi sana maji ya chini, yanajazwa hasa na ile miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Nino ya 1997 na 1998, halafu tunakunywa hiyo akiba miaka na miaka. Kwa hiyo kanyageni huo mchanga kwa heshima.

Hapa niseme jambo moja ambalo pengine halitampendeza kila mtu. Mwaka 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, nzuri kabisa, mimi mwenyewe nimepanda. Ila naona tunafyeka migunga na miti yote ya asili kwenye kiwanja mpaka kinabaki kama uwanja wa mpira, kisha tunaenda kitaluni kununua mti wa mapambo unaotaka ndoo mbili kwa siku. Mti wa hapa unajua kuvua majani, ule wa kununua haujui, ndo maana ukisafiri likizo unakuta umekufa. Acheni miwili mitatu ya asili uani jamani. Na hivi vilima tunavyopanda leo vinaliwa na kokoto na viwanja kila mwaka, ukitembea unaona, ukikaa ndani huoni.

Mnaotaka safari ndefu zaidi, nendeni Kondoa. Barabara ni lami sasa, mkiondoka mapema mnafika asubuhi bado. Mbele ya Kondoa mjini pale Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale, mnaandikisha, mnapewa mtu wa kuwaongoza, mnapanda kwa miguu kwenye ile michoro ya mapangoni ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Twiga, tembo, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, vyote kwa rangi nyekundu. Bila kugusa, na bila kumwagia maji ili picha itoke vizuri, kuna watu wanafanya hivyo na wanaharibu. Pango la Mungomi wenyeji bado wanafanyia matambiko yao, kwa hiyo mwenyeji akisema leo hapa hatupiti, hampiti, mbona hata nyie hamruhusu mtu kupita katikati ya misa.

Lakini sababu kubwa ya kuwapeleka Kondoa kwangu mimi ni milima yenyewe. Ile ardhi iliwahi kuchakaa vibaya, makorongo yanameza nyumba, udongo mwekundu umebaki uchi. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, wakachimba matuta, wakapanda miti, na bado, mpaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Fikirieni Mrangi, mwenyeji wa Kondoa, unamwambia ng'ombe waondoke. Ilikuwa ngumu, watu waliumia, wengine walipeleka mifugo mbali kwa ndugu, na mimi siwezi kusimama hapa nikasema ilikuwa jambo jepesi. Ila pori lilirudi, na sehemu kubwa halikupandwa na mtu, liliota lenyewe baada ya kupumzishwa, na baadaye wakaruhusiwa kufuga kwa kulishia ndani. Leo unatembea ndani ya miti, ukiangalia vizuri chini unayaona makorongo ya zamani yameota nyasi mpaka ndani.

Na huko nendeni mwezi wa tisa mwishoni au wa kumi, sio sasa. Kwa nini? Kwa sababu kwenye vilima kuna miyombo, na miyombo haisubiri mvua, inatoa majani mapya kabla, na majani yale machanga ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama mvinyo wa zabibu zetu, kilima kizima. Mzungu akiona atasema ni ule msimu wao. Kumbe kwao nyekundu ni jani linaloaga, kwetu ni kichanga ndo kwanza kinazaliwa, na joto lote lile na mvua bado ni wiki kadhaa mbele.

Mwezi huohuo wageni wengine nao wanaanza kushuka. Baridi ya Ulaya inafukuza ndege, mbayuwayu, korongo weupe, wanakuja huku kwetu, na nenda bwawa la Hombolo au mabwawa ya Bahi mvua zikianza uone. Kwelea kwelea ni wa hapahapa na sitawasifia, muulizeni mwenye shamba la uwele.

Sasa mambo ya miguuni na nimalize maana jua linatoka. Tunatembea kuanzia sasa mpaka saa tatu, saa tatu na nusu tuwe tumeshuka, jua la kiangazi halina wingu la kukupunguzia. Maji kila mtu lita moja na nusu, sio kuombana. Naona mtu wa kandambili pale nyuma, mwanangu utabaki chini na magari, huko juu kuna mbigiri na miiba ya migunga inayopita soli ya raba. Msitie mkono kwenye mwanya wa jiwe wala kukanyaga majani yaliyorundikana bila kuyagusa na fimbo kwanza, kifutu huwa hakimbii, analala tu kimya rangi ya majani makavu mpaka umkanyage. Tukikuta maganda yenye manyoya ya kahawia yamening'inia kwenye kichaka, ni upupu, tunazunguka upande ambao upepo unatoka. Mizinga na matundu ya nyuki kwenye mibuyu tunapita mbali, na aliyejipulizia pafyumu nzito leo atatembea wa mwisho, samahani dada yangu. Sigara hakuna kabisa, nyasi zimekauka, kijiti kimoja kinachoma kilima chote na moto mwingi wa pori huku ni wa mtu, sio wa radi.

Mnaotaka wanyama wakubwa, Swagaswaga ipo hapo Chemba na Kondoa, ila ile ni pori la akiba, huendi na watoto kwa miguu kienyeji, unafuata utaratibu na unatembea na askari mwenye silaha. Hapa kwetu ruhusa tumeshapata kwa mwenyekiti wa mtaa, na kila mnapokwenda wenyewe pitieni serikali ya mtaa au kijiji kwanza, vilima vingine vina minara na vingine vina wenyewe, msije mkaulizwa maswali na watu wenye sare mkasema mwalimu alituambia.

Wazee na wenye magoti tutapita njia ya korongoni, ni tambarare, na mimi niko huko kwa sababu nataka kuwaonyesha ule mkababu. Vijana mfuateni katibu, kulia kwa lile jiwe lililopasuka, tunakutana kwenye mbuyu wa pili, wa kwanza una nyuki. Watoto waje kwangu. Haya, tuondoke.